Geji ya mafuta inaruka: pima kwenye tangi kabla ya kugusa dashibodi

Swali: Habari za kazi, fundi. Nina gari dogo la petroli lenye miaka 15. Nikijaza tangi mpaka juu, mshale wa mafuta unaishia robo tatu. Unashuka vizuri hadi karibu na nusu, halafu ghafla unaanguka chini kabisa na taa ya njano inawaka. Nikipita kwenye tuta, unarudi ulipokuwa. Geji ya joto la injini haina tatizo lolote. Fundi wangu anasema ninunue seti nzima ya geji za dashibodi. Nifuate ushauri wake?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Usinunue kwanza. Dalili ulizoandika zinaonyesha kwamba ugonjwa uko nyuma, kwenye tangi au kwenye waya zake, na huko kuna vipimo vya nusu saa ambavyo havikugharimu kitu.

Sababu ya kwanza ya kusema hivyo ni ile taa ya njano. Ungesema mshale unaanguka peke yake na taa imezima, ningeanza kuushuku mshale. Lakini vyote viwili vinadanganyika kwa wakati mmoja, maana yake vimepokea taarifa moja ya uongo kutoka kwenye chanzo kimoja. Sababu ya pili ni tuta. Kitu kinachopona kwa kutikiswa ni kitu kinachogusana vibaya. Sababu ya tatu ni geji ya joto: kama umeme unaoingia kwenye seti ya geji ungekuwa mbovu, geji ya joto nayo isingesalimika.

Ili vipimo vieleweke, lazima ujue mafuta yanasomwaje. Ndani ya tangi kuna boya jepesi lililofungwa kwenye mkono wa waya mgumu. Boya likipanda na kushuka, mkono unazungusha vidole vidogo vya chuma vinavyoteleza juu ya kibao cha ukinzani, yaani kibao kinachozuia umeme kwa kiasi kinachopimwa kwa omu. Mahali vidole vilipo ndipo panapoamua ukinzani, na ukinzani huo ndio unaosafiri kwa waya mwembamba mpaka mbele. Katika magari ya zamani waya unakwenda moja kwa moja kwenye geji. Katika mengi ya kisasa unaingia kwanza kwenye kompyuta, ambayo inasawazisha usomaji ili mafuta yakichezacheza kwenye kona mshale usicheze nayo, kisha kompyuta ndiyo inayouamuru mshale usimame wapi.

Sasa kuna jambo moja ambalo watu wengi hulikosea, na ndilo linalowafanya wabadilishe vifaa vizima. Magari hayakubaliani ukinzani mkubwa unamaanisha nini. Magari mengi ya Japani hutoa ukinzani mkubwa tangi likiwa tupu, kama omu 110, na mdogo sana likijaa, kama omu 3. Mfumo wa VDO, watengenezaji geji wa Ujerumani, uliotumika kwenye magari mengi ya Ulaya uko kinyume: kama omu 10 likiwa tupu na omu 180 likijaa. Ford za zamani zilikuwa na kama omu 73 tupu na 10 kwa tangi lililojaa, na magari ya zamani ya General Motors (GM) sifuri tupu na 90 kwa tangi lililojaa. Kwa hiyo kabla ya kushika kipimo, tafuta kitabu cha ufundi cha gari lako ujue linasoma upande gani. Bila hilo, namba utakazopata hazina maana yoyote.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu kutu, soketi iliyolegea na athi mbovu, yaani ule waya wa hasi unaorudi kwenye bodi, vyote hufanya kazi moja tu: huongeza ukinzani. Havipunguzi kamwe. Gari ambalo ukinzani mkubwa ni tupu litasoma mafuta machache kuliko yaliyomo. Gari ambalo ukinzani mkubwa ni kujaa litasoma mafuta mengi kuliko yaliyomo, na huyo ndiye atakayekuacha barabarani usiku. Waya ukikatika kabisa, wa kwanza anaonyesha tupu, wa pili anapita alama ya kujaa. Waya ukichubuka ukagusa bodi, mambo yanageuka.

Gari lako linaonyesha pungufu likijaa, na linaanguka tupu linapopoteza mguso. Hiyo ni tabia ya gari ambalo ukinzani mkubwa ni tupu, na kuna omu kadhaa za ziada zilizojipenyeza mahali. Kama kujaa ni omu 3 na athi yako mbovu imeongeza 20, geji inasoma 23 na kwa haki kabisa inakwambia robo tatu.

Kabla hata ya kufungua kiti, endesha gari siku chache ukichunguza kitu kimoja: je, mshale unaanguka kwenye kiwango kilekile kila mara? Kama ni karibu na nusu tu, na ukishapita hapo unasoma tena vizuri, basi kibao cha ukinzani kimelika mahali hapo. Kama unaanguka popote, hata tangi likiwa limejaa, shuku soketi na athi. Chunguza pia kama usomaji unabadilika kati ya kuwasha swichi bila kupiga stata na injini ikishanguruma. Pampu ya mafuta hukaa humohumo tangini, na katika magari mengine hutumia athi moja na sensa ya boya. Pampu inavuta ampea kadhaa. Athi ikiwa na kutu, mkondo huo unainua volti kwenye waya wa hasi na kuiharibia sensa hesabu yake. Mshale unaobadilika pampu ikianza kufanya kazi ni ushahidi mzito dhidi ya athi.

Na wakati huu wa kuchunguza, usiiamini geji hata kidogo. Rudisha kihesabu kilomita cha safari kwenye sifuri kila ukijaza, na ujaze mapema. Pampu inapozwa na mafuta yanayoizunguka. Kuiachia ikauke mara kwa mara ni kuiua taratibu, na pampu ni ghali kuliko sensa.

Haya, tuingie kazini. Vipimo vya umeme vinafanywa tangi likiwa limefungwa. Hilo halina mjadala. Inua siti ya nyuma, au zulia la buti kwa baadhi ya magari, utakuta kifuniko cha bati au plastiki, na chini yake mdomo wa tangi wenye soketi ya waya na mipira ya mafuta. Kuna magari yasiyo na kifuniko hicho, ambayo tangi lazima lishushwe. Kama la kwako ni hilo, tafuta soketi ya waya inayopita chini ya gari na upime hapo.

Zima swichi, chomoa soketi, iangalie kwa tochi. Ninachotafuta mimi ni unga wa kijani, pini iliyobadilika rangi kuwa kahawia au nyeusi, au plastiki iliyolainika kwa joto. Waya nene ni za pampu, nyembamba ni za sensa, lakini usitegemee unene peke yake, fuata mchoro wa gari lako. Ukikosea ukaunganisha waya wa umeme wa pampu na bodi, utachoma fyuzi ukiwa na bahati.

Soketi ikiwa bado imechomolewa, weka mita kwenye omu na uguse pini mbili za upande wa tangi, zile za sensa. Mita ya omu haiwekwi kwenye waya wenye umeme, ndiyo maana swichi imezimwa. Soma namba, kisha mwombe mwenzako alitikise gari kwa kusukuma bampa la nyuma. Namba inapaswa kupanda na kushuka kwa ulaini kadiri mafuta yanavyocheza. Ikiruka ghafla na mita kusoma kama waya uliokatika, kisha ikarudi, umempata mhalifu: vidole vinapoteza mguso na kibao. Mita ya zamani ya mshale ni nzuri zaidi kwa kazi hii kuliko ya namba, kwa sababu jicho linauona mruko ambao namba zinaupita. Fanya kipimo hiki tangi likiwa kwenye kiwango kinacholeta shida, karibu na nusu, la sivyo sensa itakuonyesha sura yake nzuri tu.

Kipimo cha pili ni cha kuwatenga waya na geji. Soketi ya upande wa gari ikiwa wazi, washa swichi bila kupiga stata. Kwa gari la aina yako mshale unapaswa kushuka chini. Kisha unganisha waya wa sensa na athi yake kwa kupitia kizuizi cha umeme (rezista) cha omu zinazolingana na tangi lililojaa. Mshale unapaswa kupanda mpaka juu. Ukipanda vizuri, basi waya, kompyuta na geji vyote ni vizima, na seti ya geji uliyoambiwa ununue haihitajiki. Mafundi wengi huunganisha waya hizo mbili moja kwa moja bila kizuizi. Kwenye gari la zamani sana, kugusa kidogo kunaweza kupita salama, ingawa geji ya bati la joto, ile ambayo mshale husukumwa na bati linalopinda likipata joto, inaweza kuungua ukiiacha hivyo. Kwenye gari lenye kompyuta mimi siruhusu. Kizuizi kinapatikana kwa pesa ndogo popote wanapouza vipuri vya redio. Na uwe na subira: geji za bati la joto hupanda polepole, na kompyuta nazo huchelewesha kwa makusudi, hivyo usihukumu kabla ya dakika moja kupita.

Kama mshale haukupanda mpaka juu, rudia kwa kuunganisha kizuizi kati ya waya wa sensa na hasi ya betri kwa waya mrefu. Ukipanda safari hii, athi ya gari ndiyo mbovu. Njia nyingine ya kuipima athi ni hii: rudisha soketi, washa injini, weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye waya wa athi ya sensa na nyingine kwenye hasi ya betri. Ukipata zaidi ya kama volti 0.1, kuna kutu inayokula umeme njiani. Fuata waya mpaka ulipofungwa kwenye bodi, fungua boliti, kwangua mpaka chuma king’ae, funga tena na upake grisi. Ukifika hapa mshale ukaanza kufika juu, nusu ya malalamiko yako imekwisha bila kufungua tangi.

Kama una mashine ya kusoma kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari, itumie pia. Kodi P0460 hadi P0464 zinahusu sensa ya kiwango cha mafuta: P0462 ni volti kuwa chini mno, P0463 kuwa juu mno, P0464 mguso unaokatika na kurudi. Lakini kodi inakutajia njia ya umeme tu, haikutajii kifaa kilichoharibika. Nimewaona watu wakisoma P0463 na kukimbilia dukani, kumbe soketi imelegea. Faida kubwa zaidi ya mashine nzuri ni kuuamuru mshale uende juu na chini. Ukitii, umeusafisha na tuhuma.

Kwa dalili zako, natarajia utakuta vyote viwili: omu za ziada kwenye soketi au athi, na kibao kilicholika karibu na nusu. Watu wengi huendesha gari tangi likiwa kati ya robo na nusu mwaka mzima, kwa hiyo vidole vinasugua sehemu hiyohiyo mpaka inaisha. Salfa iliyomo kwenye mafuta nayo hushambulia fedha iliyopakwa kwenye miguso na kuacha utando mweusi usiopitisha umeme vizuri. Dawa za kumimina tangini huweza kusaidia kidogo utando huo. Kilicholika hakirudi kwa dawa.

Sasa kulifungua tangi, na hapa nitakuwa mkali. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hauondoki kwenda juu, unatulia sakafuni mwa gari na kusubiri cheche. Fanya kazi nje, milango yote wazi, tangi likiwa chini ya robo. Chomoa fyuzi ya pampu na uache injini ingurume mpaka izime yenyewe, ili shinikizo kwenye mipira liishe; mfumo wa sindano za petroli hubeba shinikizo la kutosha kukurushia mafuta machoni. Kisha toa hasi ya betri. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu, tochi iwe ya betri na si taa ya balbu inayochemka, na asiwepo mvuta sigara hata jirani. Kama huna uhakika na hatua hizi, mwachie fundi kazi hii. Vipimo vya juu tayari vimekuokoa gharama kubwa.

Futa na kupuliza vumbi lote kuzunguka mdomo wa tangi kabla ya kufungua, maana mchanga ukiingia ndani utaishia kwenye pampu. Ule mkanda mkubwa wa plastiki unaofunga pampu hufunguliwa kwa kifaa chake au kwa kipande cha mbao na nyundo ya taratibu. Bisibisi ya chuma na nyundo ya chuma ni kutafuta cheche mahali pabaya kuliko pote. Weka alama pampu imeelekea wapi. Inua polepole ukiinamisha kidogo ili mkono wa boya utoke bila kupinda. Mkono ukipinda hata kidogo, geji itakudanganya upya, na safari hii kosa litakuwa la mikono yako. Funika tangi kwa kitambaa kisafi.

Peleka kifaa mbali na gari, kiache kikauke, ndipo ukifanyie kipimo cha mwisho: mita kwenye pini, sogeza mkono polepole kutoka chini hadi juu. Tazama kibao kwa karibu. Kilicho kizima kina mistari ya rangi moja iliyo laini. Kilicholika kina mfereji unaong’aa ambamo vidole vimepita, na katikati yake utaona doa ambalo rangi imetoweka kabisa. Mita inafia hapohapo vidole vinapofika kwenye doa. Ukiona hivyo, nunua sensa mpya ya boya. Kwa magari mengi inauzwa peke yake bila pampu, ijapokuwa muuzaji atapenda uchukue vyote. Kuna ujanja wa kupinda vidole kidogo vipite pembeni ya mfereji, kwenye sehemu isiyolika. Unafanya kazi, lakini mimi nauhesabu kuwa wa kusubiria kipuri tu. Kama ni utando mweusi peke yake, safisha kwa dawa ya miguso ya umeme na kitambaa laini. Msasa usiutumie, unakwangua kibao chenyewe.

Litikise boya sikioni. Ukisikia kitu kinachezacheza ndani, limeingiwa na mafuta na linaelea chini kuliko inavyotakiwa, jambo ambalo nalo hufanya geji isome pungufu kwenye kila kiwango. Boya la plastiki hubadilishwa. La shaba la magari ya zamani huwa na tundu dogo, na wapo wanaolilehemu likiwa na petroli ndani. Hilo ni bomu mkononi.

Sijasahau dashibodi. Siku nyingine ingekuwa na hatia: mshale ukikataa kupanda hata kwa kizuizi kilichounganishwa kwenye soketi ya nyuma ya dashibodi yenyewe, au geji ya mafuta na ya joto zikichanganyikiwa pamoja kwenye gari la zamani lenye kidhibiti volti cha geji. Hata hapo, mara nyingi ni lehemu iliyopasuka au mota ndogo ya mshale, na hurekebishwa bila kubadilisha seti nzima. Seti nzima hubeba kumbukumbu ya kilomita, na katika baadhi ya magari imefungamana na mfumo wa kuzuia wizi. Ukiweka ya gari lingine, kilomita zinadanganya na injini inaweza kukataa kuwaka. Ndiyo maana inakuwa ya mwisho kwenye orodha yangu.

Angalizo kwa mwenye gari la magurudumu manne ya kuvuta au la kuvuta nyuma: tangi linaweza kuwa na mabonde mawili, shafti ikipita katikati, na sensa mbili. Mshale ukiganda kwenye nusu na halafu injini ikakosa mafuta, huenda geji inasema kweli, na kilichokufa ni kifaa cha kuhamisha mafuta kutoka bonde moja kwenda jingine.

Wakati wa kurudisha, weka mpira mpya wa kuzibia mdomo wa tangi. Wa zamani mara nyingi huwa umevimba na haukai tena. Hakikisha mkono wa boya haugusi mpira wala ukuta wa tangi. Rudisha fyuzi na betri, washa swichi mara mbili tatu ili pampu ijaze shinikizo, na uchunguze kwa macho na pua kuzunguka mdomo kabla ya kupiga stata. Kisha ongeza mafuta lita 10 kwa wakati, ukizima na kuwasha swichi kila mara, kwa sababu kompyuta nyingine hazikubali ongezeko mpaka zizimwe. Andika mshale unasimama wapi kila hatua. Usishangae mshale ukiwa nusu wakati lita zilizomo si nusu ya tangi. Tangi halina umbo la boksi. Funika siti baada ya kujaza mpaka juu na kukagua tena, maana mpira uliokaa vibaya huanza kuvuja mafuta yanapoufikia mdomo.